Lawama Wanayobebeshwa Wanawake wa Mgeta

Liko neno jepesi ambalo wakubwa wa mjini hulitamka kila wasikiapo kuwa wanawake wa mashamba hawaendi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Neno hilo ni ujinga. Wepesi wake ni kuwa humpumzisha alitamkaye: mjinga akishatajwa, hapana la kuulizwa zaidi juu ya njia, zahanati, wala mdomo wa jirani. Lakini neno haliwi kweli kwa kuwa jepesi kinywani.

Maradhi yenyewe hayana siri tena. Mwaka 2008 daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kuwa chanzo chake ni virusi vya papiloma, viambukizwavyo kwa kujamiiana. Tangu virusi viingie mpaka saratani itokee hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzima ya mwili, na miaka 5 hadi 10 kwa yule ambaye kinga yake imedhoofika. Muhula huo ndio nafasi ya kuokoka. Muuguzi hupaka siki maalumu penye mlango wa kizazi. Baada ya dakika chache mahali penye hitilafu hugeuka peupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku iyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto. Hata hivyo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000, na wanawake zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi hufika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, maradhi yamekwisha komaa. Chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 huwakinga wasichana. Mama zao waliokwisha pita umri huo wamebakiwa na kupimwa tu.

Sasa na atazamwe huyo aitwaye mjinga. Mwanamke wa Mgeta hulima kabichi, karoti, njegere na viazi juu ya miteremko ambayo mgeni hawezi kusimama bila kushika kitu. Ajua mbegu ipi hustahimili baridi, na siku ipi ya soko hupandisha bei. Mboga zake huliwa Morogoro na Dar es Salaam. Mtu apimaye faida na hasara kila apambazukiwapo hawezi kuambiwa kuwa hajui kupima jambo. Akikataa, amepima, na mwenye busara humwuliza alipima nini.

Mlima huu uliwahi kutukanwa hivyo zamani. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Uluguru juu ya amri ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Watawala walisema Waluguru hawaelewi udongo wao. Lakini huko Mgeta, ambako mboga za kuuza zililipa jasho la mchimbaji, matuta yalidumu. Watu walikuwa wamoja na milima ilikuwa mimoja. Tofauti ilikuwa faida iliyoonekana. Amri bila faida ilikataliwa, na faida ilikubaliwa hata pasipo amri.

Basi mwanamke huyu hupima nini? Kwanza, siku. Siku moja ya kushuka mlima na kungoja katika mstari ni siku ya shamba au ya soko iliyopotea, na nauli haina wa kuilipa. Pili, macho ya watu. Kwa kuwa virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, aendaye kupimwa huulizwa kwa kunong'onwa ametoka wapi. Mnong'ono huo ni dhuluma, kwa sababu watu wengi wenye kujamiiana huvipata virusi hivi wakati fulani wa maisha yao, na mke asiyemjua mwanamume mwingine huweza kuletewa na mumewe. Mwanamume hupitisha ugonjwa asiougua, kisha huombwa ruhusa ya kuutafutia dawa! Jamii inayokubali hayo haina haki ya kumcheka mwanamke kwa aibu yake, kwani aibu hiyo imeshonwa na jamii, naye amevishwa tu.

Tatu, hupima maneno. Lugha ya matangazo ya afya imetungwa na watu wasiosikiliza. Kuchunguzwa ni neno ambalo raia amelizoea kwa polisi. Kupimwa limeshikamana na hofu ya UKIMWI. Na asikiaye mlango wa kizazi huweza kudhani kuwa kizazi chenyewe ndicho kiendewacho. Maneno matatu ya hofu hutangulizwa, kisha hustaajabiwa kuwa hakuna aliyekuja. Ingekuwa kheri kusema waziwazi kuwa mwanamke mzima huangaliwa ili asiugue, kuwa hakatwi kitu katika kuangaliwa huko, na kuwa mwangaliaji anaweza kuwa mwanamke mwenzake.

Wako watakaojibu kuwa mila ndizo zizuiazo. Ni kweli kwamba ziko mila zizuiazo, na ni kweli pia kwamba asiyejua habari za maradhi hawezi kuyakimbia. Lakini maarifa hayafikishwi kwa matusi, na mila ni nyingi. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita njia hiyo hiyo. Mwali hufundwa ndani na wanawake wazima, na mambo ya mwili husemwa huko bila haya. Ni nani aliyekwenda kwa bibi hao kabla ya kubandika tangazo ukutani? Bibi mmoja aliyekwisha angaliwa, akarudi salama na kuwaeleza wajukuu wake, hushinda magari kumi yenye vipaza sauti. Anayezungumza juu ya mila kama ukuta tu hajapata kuzunguka nyumba kutafuta mlango.

Mwaka 2020 mataifa yalikubaliana kuwa kufikia 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45. Ahadi hiyo haitatimizwa kwa kuhesabu wajinga. Itatimizwa siku ambapo muuguzi atapanda mlima siku ya soko badala ya kumngoja mwenye tenga la kabichi ashuke; siku ambapo mume ataona haya kumzuia mkewe kuliko mke aonavyo haya kwenda; na siku ambapo msomi atajifunza kuuliza kabla ya kulaumu. Mpaka hapo, neno ujinga na lirudishwe mjini lilikotoka, likawatafute wenyewe.