Usingoje kifurushi cha DNA, mpeleke mtoto hospitalini

Mwaka jana binamu yangu na mkewe, wakazi wa Umoja hapa Nairobi, walijaliwa kifungua mimba. Badala ya vigelegele kukawa na minong'ono. Mkunga alimtazama mtoto mara mbili, akaenda kumwita daktari, naye daktari akasema haikuwa rahisi kutambua kwa macho kama ni mvulana au msichana. Wazazi wakaambiwa wamrudishe kwa vipimo kesho yake. Hawakurudi. Waliona aibu.

Shangazi ya mtoto anayeishi Marekani ndiye aliyekuja na ufumbuzi. Angewatumia kisanduku cha kupimia DNA kinachouzwa huko kama sabuni. Unatia mate kwenye kichupa, unakirudisha kwa posta, majibu unayasoma kwenye simu. Hakuna jirani atakayejua. Binamu akanipigia: "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa magazeti. Kitu hiki ni cha kweli?"

Nilimwambia kitu chenyewe ni cha kweli, ila hakijibu swali lake. (Tena mtoto wa siku nane atatemaje mate?)

Hebu nikueleze kinavyofanya kazi. DNA ya binadamu ni kama kitabu chenye herufi zipatazo bilioni 3. Vipimo vingi vya aina hii hukagua vituo vichache vilivyochaguliwa, yapata laki sita hivi. Ni kama mtu aichukue makala hii yote unayoisoma, atazame herufi moja tu, kisha aruke hadi makala nyingine. Kwa kutafuta asili ya mababu, huenda ikatosha. Kwa kutafuta kosa dogo ndani ya jeni moja, kosa hilo laweza kuwa papo hapo na lisionekane.

Na huntha si hali moja. Ni jina tunalowapa watu wengi waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyofuata mkondo uliozoeleka, kila mmoja kwa sababu yake. Wapo ambao baadhi ya seli zao zina kromosomu za aina moja na nyingine za aina tofauti. Mate hayawezi kukuambia kilichomo ndani ya tezi za uzazi. Wapo wenye kromosomu X na Y, lakini miili yao haisikii homoni ya kiume, wakakua wasichana kamili hadi pale hedhi inapokosa kuja.

Mkumbuke Mhispania Maria José Martínez-Patiño, mwanariadha wa kuruka viunzi. Mwaka 1985 alipimwa kwenye mashindano ya Kobe, Japani, ikaonekana ana kromosomu Y. Alivuliwa mataji yake na kufukuzwa timuni, ingawa mwili wake haukuwa ukiitumia hata chembe ya homoni ya kiume. Haki yake ya kukimbia ilirejeshwa mwaka 1988. Kipimo hakikudanganya kuhusu kromosomu. Waliokisoma ndio waliodhani kromosomu ni mtu mzima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimpigie binamu kelele kwenye simu. Mojawapo ya sababu za kawaida za mtoto kuzaliwa hivyo ni kasoro katika tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo hushindwa kutengeneza homoni fulani, kisha humwaga homoni za kiume kupita kiasi, na msichana mwenye tumbo la uzazi na ovari zake zote akaonekana kama mvulana. Jeni inayohusika ina pacha wake aliyekufa, anayefanana naye mno, na hata maabara kubwa hulazimika kuwa makini zisiwachanganye.

Lakini hatari haiko kwenye jeni. Iko kwenye chumvi. Katika aina kali ya hali hii mwili hauwezi kuhifadhi chumvi. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto huanza kutapika, akanyonya kwa unyonge, akalegea. Wengi hudhani ni tumbo tu. Bila matibabu hufa. Kwa mvulana ni vibaya zaidi, kwa kuwa nje anaonekana sawa na hakuna anayeshuku lolote. Majibu ya kisanduku huchukua wiki kadhaa. Vipimo vya damu vya hospitali, vya homoni na vya chumvi, ndivyo vinavyomwokoa, na dawa zenyewe ni vidonge vya kawaida.

Nawajua pia wanaochukua faili la DNA na kulipitisha kwenye programu nyingine kusaka magonjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulichunguza kasoro zilizoonekana kwa njia hiyo. Asilimia 40 hazikuwapo maabara ilipohakikisha. Na siri unayoikimbilia? Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za watu wapatao milioni 6.9 kutoka kampuni ya 23andMe, nayo mwaka 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Sheria yetu imeliona jambo hili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha na haki yake ya matibabu yanayofaa na heshima. Inakataza kubadilishwa au kuondolewa viungo vyake bila ushauri wa daktari bingwa wa jeni. Kwa hivyo ukifika hospitalini ukaharakishwa kwenye upasuaji, una haki ya kuuliza: daktari huyo yuko wapi? Nao hujaachwa peke yako. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524 nchini, na hao ni waliosema tu.

Binamu alimpeleka mtoto siku hiyo hiyo jioni, huku nyanya akinung'unika kwamba tunamtangaza mjukuu wake. Alikuwa ameanza kukataa titi. Chumvi ilikuwa imeshuka, akawekewa maji ya mshipa, akalazwa siku kumi na moja.

Kisanduku cha shangazi kilikuja na mgeni wiki tatu baadaye. Nilikiona juu ya kabati Jumapili iliyopita, plastiki yake haijachanwa. Kando yake kuna vidonge ambavyo shemeji huvisaga asubuhi na jioni.