Avoka inayonyauka wakati mvua imerudi



Mvua ya Septemba imerudi, masomo yamefunguliwa, na majembe yametoka nje kwa ajili ya msimu A. Kwenye mkutano wa wiki iliyopita mama mmoja aliuliza swali ambalo wengi wanalo nyumbani. Avoka yake ya nyuma ya nyumba imebaki na majani madogo ya manjano, matawi ya juu yamekauka, na watu wa nyumbani wanasema wauchome mti makala. Ni mti uliokuwa unanunua madaftari ya watoto wake wawili. Aliuliza aweke mbolea gani.

Mbolea isubiri. Kwanza ujue kama mti unaishi. Kwaruza ganda la kitawi kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, kitawi ni kizima. Ukiona kahawia kavu, shuka ukwaruze tena, tawi kwa tawi, mpaka kwenye shina. Mti wenye kijani kwenye shina si wa makala. Makala utayauza mara moja tu. Mti mpya wa kokwa unaweza kukungojesha miaka 5 mpaka 10 kabla ya tunda la kwanza, na tunda hilo huenda lisifanane na la mti wa zamani.

Kisha tazama miguu ya mti. Tunafikiri mti mkubwa una mizizi ya kwenda chini sana, lakini avoka si hivyo. Mizizi yake myembamba, ile inayokunywa na kula, mingi iko karibu na uso wa udongo, ndani ya shubiri moja au mbili, na inaenea mpaka kivuli cha matawi kinapoishia na kupita hapo. Sasa fikiri tunachofanya kila Septemba. Tunalima maharagi mpaka kwenye shina. Kila pigo la jembe linaukata mti midomo wakati uleule unapotaka kuchipuka. Baadaye jirani anasema mti umelogwa.

Najua mashamba ni madogo, na waliorudi kutoka ukimbizini hawana hata mstari mmoja wa kupoteza. Lakini duara usiyoilima chini ya matawi itakunyima labda makopo mawili ya Guigoz ya maharagi, maana kwenye kivuli kizito hayazai vizuri. Magugu ya hapo yang’oe kwa mkono.

Na ufagio pia. Sisi wamama tunapenda uwanja safi, mgeni asione jani chini. Majani yale ya avoka ndiyo blanketi lake. Yaache hapo, uongeze mabua ya mahindi na maganda ya maharagi, unene wa shubiri moja hivi, lakini yasiguse shina: acha nafasi ya kiganja kuzunguka. Kama kuna udongo uliorundikwa juu ya shina, uondoe. Kama kuna waya wa kuanikia nguo uliozama kwenye ganda, ufungue. Mbuzi afungwe kwingine. Akila ganda kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena kwenye mizizi, na hapo hatuna dawa. Maji ya sabuni na majivu mengi, vyote vimwagwe mbali.

Sasa jambo zito zaidi. Ikiwa majani yananyauka na huku udongo umelowa, fukua kidogo kwa vidole chini ya matawi. Mizizi mizima ina rangi ya maziwa. Ikiwa ni myeusi na inakatika kama kijiti kilichooza, fikiri ugonjwa wa kuoza mizizi. Kimelea chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi; kilielezwa mwaka 1922 kutoka miti ya mdalasini ya Sumatra, na leo kinasumbua avoka katika nchi nyingi. Mbegu zake zinaogelea, kwa hiyo maji yaliyosimama ndiyo barabara yake. Chimba mfereji upande wa juu wa mti, upeleke pembeni maji ya mlima na yale ya mabati. Mfereji huo hauui ugonjwa, ila unaupa mti nafasi ya kuotesha mizizi mipya kwenye yale majani yanayooza.

Kimelea hiki kinasafiri pia na udongo wa jembe na viatu. Hapa Masisi hatuhitaji mtu wa nje kutufundisha hilo. Mnyauko wa migomba, ule wengi wanaouita kirabiranya, ulionekana kwetu mwaka 2001, na mapanga yetu wenyewe yaliuchukua kutoka bananeraie moja mpaka nyingine. Osha jembe ukitoka kwenye mti mgonjwa, kabla ya kuingia kwa jirani.

Matawi makavu yakate; yenye kijani usiyaguse mwaka huu. Mti dhaifu ukitoa matunda mengi madogo, punguza mapema. Ni vigumu kumwambia mama atupe avoka changa, lakini mti hauwezi kulea watoto wote hao akiba yake ikiwa imeisha. Samadi iliyooza vizuri, kidogo, utaiweka ukiona majani mapya.

Mizizi yote ikiwa imeoza, ng’oa bila kungoja. Usipande avoka nyingine kwenye shimo hilo. Weka mahindi au migomba, na avoka mpya ipande kwenye tuta, mahali pa juu pasipotuama maji.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, si agronomu, kwa hiyo Jumatano tutatazama pamoja. Kila mwenye mti mgonjwa alete kitawi chenye majani na mizizi michache iliyooshwa. Udongo ubaki nyumbani.