Samaki wa mtoto akigonjwa



Mwezi huu tuongee juu ya samaki. Si samaki wa kula na bukari; huyo tunamjua vizuri. Tuongee juu ya yule samaki mwekundu, mwenye rangi kama shaba iliyosuguliwa, anayekaa ndani ya kioo katika nyumba fulani za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kijana anamlisha, wadogo zake wanamwangalia, wageni wanamsifu. Halafu asubuhi moja mtoto anakuja mbio: «Mama, samaki yangu anageuza tumbo juu!» Baba anacheka: «Mumutie mu nyungu.» Mtoto analia.

Ndugu baba, usicheke. Kwako ni samaki tu. Kwa mtoto ni kiumbe cha kwanza alichopewa akichunge yeye mwenyewe. Ginsi utakavyomsaidia leo, ndivyo atakavyojifunza kutunza mgonjwa kesho. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Hapa anayekunjwa ni mtoto wako.

MAJI NDIYO YA KUANGALIA KWANZA

Watu wengi wanafikiri samaki huyu anazaliwa kufa upesi. Hapana. Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Kule Uingereza mmoja aliyeitwa Tish alipatikana mwaka 1956, akafa mwaka 1999: miaka 43! Basi akikufia kisha miezi mitatu, usiseme ni desturi yake. Mara nyingi ni maji.

Sikia sababu. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia katika maji yale yale. Uchafu wake unatoa amonia, sumu inayomchoma matamvua, kule anapopumulia. Katika changarawe na chujio wanaishi vijidudu vyema ambavyo vinageuza sumu ile polepole mpaka inapungua ukali. Lakini kioo kikiwa kipya, vijidudu hivyo vinahitaji majuma mengi kabla ya kuwa vya kutosha. Na kama kioo ni kidogo kama bakuli ya mboga, sumu inashinda. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa, kumbe yanaua.

DALILI ZA UGONJWA

Fundisha mtoto kuangalia kila asubuhi, mbele ya kwenda masomo:

Samaki anapandisha mdomo juu akitafuta hewa: maji ni mabaya au hewa imepungua.

Mapezi yamefungwa mwilini, anakaa chini pembeni, hali chakula: anaumwa, hata kama hujaona kidonda.

Ana vidoti vyeupe kama punje za chumvi, na anajikwaruza kwenye mawe: ni mdudu mdogo sana anayeambukiza samaki wengine.

Ana kitu cheupe kama pamba: ni ukungu, mara nyingi juu ya kidonda.

Anaelea tumbo juu au upande: mara nyingi amekula kupita kiasi, tumbo limefunga.

Amevimba, magamba yamesimama kama manyoya ya kuku mwenye baridi: huu ni ugonjwa mzito, wengi hawaponi.

MSAADA WA KWANZA

Kwanza, badilisha maji, lakini si yote. Toa robo mpaka nusu, tia mengine. Ukibadilisha yote mara moja na kusugua changarawe kwa sabuni, unaua vile vijidudu vyema, na samaki anapata mshtuko. Maji ya robine yanatiwa klori juu ya afya yetu sisi, lakini klori inamdhuru samaki. Chota jioni katika ndoo ya plastiki, uiache wazi usiku na mchana mzima. Yawe na joto sawa na yale ya kioo, zaidi sana mwezi wa sita na wa saba wakati wa baridi yetu.

Hapa tuseme neno kwa sisi tunaokaa karibu na migodi. Shaba inatulisha, lakini katika maji ni sumu kwa samaki, hata ikiwa kidogo. Usitumie chombo cha shaba, wala maji ya mto au kisima kinachopokea maji ya mgodi.

Pili, usimlishe siku moja au mbili. Hatakufa na njaa. Kisha, kwa yule anayeelea, mpe punje ya petipuwa iliyochemshwa bila chumvi, iliyotolewa ganda na kupondwa. Hapana bukari, hapana mkate. Siku nyingine zote mpe kile anachoweza kumaliza kwa dakika mbili tu.

Tatu, mpe hewa. Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikinyamaza, chota maji ya kioo kwa kopo na kuyamwaga tena kutoka juu, mara kwa mara. Hiyo ni kazi ambayo hata mdogo wa miaka sita anaiweza.

Nne, chumvi. Kwa vidoti vyeupe tia kijiko kimoja cha chai, kisichojaa sana, kwa kila lita 5, ukiikoroga kwanza katika kopo. Kesho yake kingine, na siku ya tatu kingine, basi. Chumvi haipotei yenyewe. Ukibadilisha maji, ongeza tu ya maji mapya. Na usiache dawa doti zikipotea! Mdudu ameanguka chini, anazaana, atarudi. Endelea siku 7 mpaka 10 tena, na zaidi kama ni baridi. Ni kama dawa ya munganga: tunaimaliza hata kama tumesikia nafuu.

Wengine wanafungua kapsuli za tetrasiklini na kuzimwaga majini. Tunasema wazi: usifanye hivyo. Unaua vijidudu vyema, na unapoteza dawa ya mtu.

MIKONO YA MTOTO

Mtoto mwenye kidonda mkononi asiingize mkono katika kioo. Kuna vijidudu vya samaki vinavyoweza kumtia kidonda kisichopona upesi. Kisha kazi, sabuni na maji. Ndoo ya samaki isitumike jikoni.

NA KAMA ANAKUFA?

Inatokea. Usimtupe mgonjwa mtoni au chooni akiwa hai: ugonjwa wake unaweza kufika kwa samaki tunaovua na kula. Usikimbie pia kununua mwingine usiku ili mtoto asijue. Mwambie ukweli, mzike pamoja naye uani, muulize: «Tuliona dalili gani? Tulikawia wapi?» Safisha kioo, na mngoje mbele ya kuleta mwingine.

Vijana, msilinde samaki agonjwe. Jioni hii wekeni ndoo ya maji wazi kando ya mlango. Kesho jioni itakuwa tayari.

Tuonane mwezi ujao.