Jina Kwanza, Kuhama Baadaye

Vijana wenzangu mnaouza asali ya Sikonge na Urambo, kuhamishia barua pepe ya biashara Google au Zoho ni jambo zuri. Ila mimi nasema: kwanza jina lako la .co.tz lisajiliwe kwako, siyo kwa fundi wa tovuti. Anwani hiyo imeshachapwa kwenye lebo za chupa. Jina likipotea, oda nazo zinapotea. Pili, nakili barua za zamani kabla hujafunga huduma ya awali. Kubadili rekodi za MX kunaelekeza barua mpya tu, za zamani hazihami zenyewe. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilibadilisha wapagazi hapa Tabora, mzigo ukabaki wa mwenyewe. Na ada ya jina lipeni kwa wakati, jamani!