Santuri za chama zisiwe za aina moja

Sisi walimu kadhaa tuna chama chetu. Kila mwisho wa mwezi kila mwanachama hutoa mchango wake, nasi hununua santuri moja ambayo, baada ya kusikilizwa na wote, hukabidhiwa maktaba ya shule. Safari hii ni zamu yangu kupendekeza, na nimeona heri nitoe maoni yangu hadharani, kwani mvutano uliozuka baina yetu unazihusu shule nyingi.

Wenzangu wengi wanataka nyimbo za ujana wao tu. Siwalaumu, ya kale ni dhahabu. Hata hivyo, maktaba yenye vitabu vya mwandishi mmoja haistahili kuitwa maktaba. Kwa hivyo napendekeza santuri tatu zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni Kenya Special, mkusanyo uliotolewa na kampuni ya Soundway ya London mwaka wa 2013. Humo mna benga, rumba ya Kiswahili na midundo ya pwani ya miaka ya 1970 na 1980. Nyingi za nyimbo hizo zilitoka awali katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulitosha dakika chache tu, hivyo aghalabu watunzi wa benga waligawa wimbo sehemu mbili, magitaa yakaachiwa kutimka katika upande wa pili. Mwalimu wa muziki ana somo zima hapo.

Ya pili ni Siti of Unguja ya mwaka wa 2020. Mwimbaji wake, Siti Muharam, ni kitukuu cha Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayechoshwa na vina na mizani ubaoni na avisikie vikiimbwa.

Ya tatu ni Duma, pia ya 2020, ya vijana wawili wa Nairobi waliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki wa mayowe na mitambo. Mwenzetu mmoja aliomba uzimwe kabla ya dakika tano kupita. Mimi pia haunivutii sana, lakini nakumbuka marehemu baba akilalamika vivyo hivyo kuhusu benga yetu.

Kuna watakaosema kwamba simu ina nyimbo zote. Ni kweli, ila mara nyingi wimbo huo hufika bila jina la mtunzi wala la mpiga gitaa. Jalada la santuri humpa mwanafunzi majina, miaka na picha, akajua kazi hiyo ina wenyewe.

La kusikitisha ni kwamba kati ya santuri hizi tatu, hakuna iliyotolewa na kampuni ya Nairobi, mji ambao katika miaka ya 1970 ulichapa santuri zilizouzwa kote Afrika Mashariki. Leo twanunua sauti zetu kutoka ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo. Shule zetu zisiponunua, watoto wetu watalazimika kwenda kuzitafuta huko.

Walimu wenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na rafu moja, nayo iwe na nafasi hata ya tusichokipenda.