Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila kisiwa husifiwa kwa kile alichokijaalia Mwenyezi Mungu. Morisi husifiwa kwa maporomoko ya Chamarel, Réunion kwa magenge yake yanayomwaga maji kutoka mawinguni, na Nzwani, katika visiwa vya Ngazija, kwa vijito vinavyoruka mawe kutoka milimani hadi pwani. Pemba haina maporomoko ya maji. Vilima vyetu ni vifupi na maji yetu hayapigi kelele. Hupita chini ya majani makavu, hujikusanya katika vijito vyembamba, kisha hushuka mabondeni kwenye mpunga. Anayetaka kujua maji hayo yanahifadhiwa na nini hana budi aache gari barabarani, avue haraka aliyonayo, na aingie msituni kwa miguu. Na msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki kisiwani petu ni Ngezi.

Msitu huo uko kaskazini magharibi, mbele ya Konde, katika njia iendayo Ras Kigomasha, na eneo lake ni hekta 1,400 na ushei. Humo hupatikana mpapindi, mnazi wa mwitu ambao asili yake ni Pemba na si kwengineko. Humo hulala popo wa Pemba, hupita paa mdogo mwenye aibu, na huishi kima punju wachache, uzao wa wale walioletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Ndege wanne ambao ulimwengu mzima hawana makao ila Pemba na vijisiwa vyake, nao ni ninga, chozi, bundi mdogo na kijidege chenye duara jeupe machoni, husikika humo asubuhi na magharibi. Zipo njia zilizofunguliwa kwa ajili ya watembeao kwa miguu, na wageni kutoka nchi za mbali hulipa nauli kubwa na kiingilio ili wazipite.

Hatuna ugomvi na jambo hilo. Utalii ni katika nguzo za uchumi wa Zanzibar, na Pemba ina haki ya kupata sehemu yake. Lakini wahenga wetu hawakusema mgeni njoo wakanyamaza. Walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali tunalolileta leo mbele ya wananchi na viongozi ni hili: katika njia ya Ngezi, mwenyeji anapona vipi?

Ili swali hili lieleweke, yatupasa tukumbuke tulikotoka. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Tokea hapo kisiwa chetu kikawa ndicho shamba kubwa la karafuu, na misitu ikafyekwa kilima baada ya kilima. Baadaye, katika enzi za ukoloni, Ngezi yenyewe ilikatwa mbao. Hatusemi hayo kwa kuilaumu mikarafuu, ambayo imetulea na kutusomesha. Twasema ili ifahamike kwamba kilichobaki ni salio, na salio halitumiwi kama mtaji. Mwaka 2012 tulihesabiwa watu 406,848 Pemba, na katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa 543,441. Kila mmoja wetu anataka kuni, maji, mahala pa kujenga na mahala pa kulima, na kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Kwa hakika kimepungua, kwani maji ya chumvi yameingia katika mabonde mengi tuliyokuwa tukilima mpunga.

Wenye shaka na wawatazame ndugu zetu wa Nzwani, tunaofanana nao kwa dini, kwa damu na kwa lugha. Kisiwa chao kilikuwa na mito mingi iliyotiririka mwaka mzima. Misitu ya milimani ilikatwa kwa kilimo, kwa kuni za nyumbani, na kwa kuni za kukenekea mafuta ya mlangilangi yanayouzwa Ulaya kwa watengenezaji wa manukato. Leo nusu ya mito hiyo au zaidi imekauka, na ile iliyobaki mingine huonekana wakati wa masika tu. Nchi iliyojaaliwa maporomoko ya maji imekuwa na vijiji vinavyopanga foleni ya ndoo. Ikiwa yaliwafika hao wenye milima mirefu na mvua nyingi, sisi wenye vilima vya kuazima tutasalimika kwa lipi?

Msitu basi hauna budi kulindwa. Lakini ni kosa kudhani kwamba msitu hulindwa na mlinzi aliyesimama langoni. Hulindwa na yule mwanamke anayekaa hatua mia kutoka kwenye mti wa kwanza, ambaye kila siku huamua ama kuukata au kuuacha. Huyo hawezi kuambiwa asiokote kuni kisha akaachwa bila ya nishati nyengine. Hawezi kuambiwa kwamba mti una thamani kwa sababu mgeni ameupiga picha, hali ya kuwa thamani hiyo haijawahi kufika jikoni mwake.

Mifano ya kutufunza tunayo, tena ya hapa hapa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Haikuletwa askari kuwalinda. Wanavijiji na watoto wa skuli waliunda vikundi, wakaacha kuwinda, wakawa walinzi. Kidike ikajulikana kwa popo wake, na mgeni akienda kuwatazama hulipa kijijini. Katika miaka ya 2000 popo hao walikisiwa kuwa zaidi ya 20,000. Unguja nako, vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ambao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, vimekuwa vikipata sehemu ya mapato ya wageni kwa ajili ya huduma zao, na wakulima wanaoliwa mimea na kima punju wakafikiriwa pia. Huko nako manung'uniko hayakosekani, lakini angalau yapo mapatano ambayo mtu anaweza kuyadai.

Kwa hivyo twapenda kuwakumbusha viongozi wetu mambo matatu.

Kwanza, mapato ya kila njia ya msituni yawekwe wazi. Ubao mmoja kwenye ofisi ya sheha, unaoeleza kila mwezi wameingia wageni wangapi, zimepatikana shilingi ngapi na zimekwenda wapi, utafanya kazi kubwa kuliko semina kumi. Sheria ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, inawapa wanavijiji nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Anayeshiriki katika kazi asifichwe hesabu.

Pili, kabla ya kuwazuia watu kuni, wapewe njia mbadala. Iwekwe miti ya kupanda iotayo haraka katika ardhi iliyochoka, na gesi ifike mashamba kwa bei ambayo mvuvi na mkulima wataiweza. Tanuri za chokaa na wachoma mkaa waangaliwe kwa jicho lile lile linalomwangalia mama mwenye mzigo mmoja kichwani, maana mara nyingi sheria humkuta mwenye shoka dogo na kumpita mwenye msumeno.

Tatu, watoto wa Pemba waipite njia ya Ngezi bure. Ni aibu kwamba mtoto wa Konde aweza kumaliza skuli akijua majina ya mito ya Ulaya na asiwahi kuuona mpapindi. Kila skuli kisiwani ipange siku moja kwa mwaka, na vyuo vya Kurani visiachwe nyuma. Sisi tuliosoma kote kuwili tulifundishwa chuoni kwamba maji ni rehema na kwamba mwanadamu amekabidhiwa ardhi kuwa mwangalizi wake, na tulifundishwa skuli namna mizizi inavyoyashika hayo maji. Lakini hakuna aliyetushika mkono akatupeleka tukaona kwamba masomo hayo mawili ni somo moja.

Kwa wananchi wenzetu nasi tuna neno. Msitu si mali ya Serikali peke yake hata tukasema anayeiba humo haibii mtu. Anayeangusha mti usiku huko Ngezi huwaibia jirani yake maji ya kisima na mwanawe mchele wa kesho. Tusingoje kuhimizwa juu ya jambo ambalo faida yake ni yetu.

Wakuu wetu huenda Ngezi mara kwa mara wakipita na magari yao kuelekea pwani. Twawaomba siku moja wateremke, waiache barabara, waifuate njia ya miguu mpaka kwenye kijito, wanyamaze kidogo na kusikiliza. Watasikia maji yakipita taratibu chini ya majani. Hayo ndiyo maporomoko yetu, na yakinyamaza hatuna mengine.