Ramani si Ardhi: Imani za NLP Katika Mizani ya Cheptais

Taaluma ya kujibadilisha kwa njia ya lugha, ijulikanayo kwa kifupi kama NLP, iliasisiwa nchini Marekani katika miaka ya 1970 na Richard Bandler na John Grinder. Grinder alikuwa mwanaisimu. Si ajabu basi kwamba taaluma hiyo hudai kuwa mtu akibadili namna anavyojisemea, maisha yake nayo hubadilika. Wafuasi wake huongozwa na imani kadhaa, zikiwemo hizi tatu: ramani si ardhi yenyewe, hakuna kushindwa, kuna mrejesho tu, na kila mtu anazo tayari nyenzo zote anazohitaji ili abadilike.

Imani hizi humfaa mwanafunzi anayeogopa mtihani. Je, zinamfaa mkazi wa Cheptais?

Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, iliumia sana katika mgogoro wa ardhi wa 2006 hadi 2008. Kiini chake kilikuwa mradi wa makazi wa Chebyuk, ulioanzishwa 1971 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Chepkitale. Ardhi iligawanywa ikagawanywa upya, na waliojihesabu wenye shamba wakajikuta maskwota. Wapiganaji wa SLDF waliua watu na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika habari za wanaume walioteswa na wengine wasioonekana tena.

Hapa imani ya kwanza inasimama imara. Kila upande ulikuwa na ramani yake kichwani kuhusu nani mwenyeji na nani mvamizi. Kutambua kwamba ramani ya jirani nayo ni ramani tu, kama ilivyo ya mtu mwenyewe, ni mwanzo wa suluhu.

Imani mbili zilizobaki zinayumba. Mjane ambaye mumewe alichukuliwa asirudi hana mwili wa kuzika wala cheti cha kifo cha kudaia urithi. Nyenzo anazozikosa hazimo moyoni mwake. Zimo katika ofisi za serikali na mahakama. Kumwambia kwamba anazo zote ni kumbebesha lawama ya wengine.

Watetezi wa NLP watajibu kwamba imani hizo si kweli tupu, bali ni dhana za kutendea kazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini dhana ya kutendea kazi huchaguliwa kulingana na kazi iliyopo. Wahenga walilijua hilo. Waliosema "penye nia pana njia" ndio hao hao waliosema "mkono mtupu haulambwi", na mjuzi wa lugha hujua ipi itamkwe lini.

Kwa hiyo, wanafunzi wa Kiswahili wanaovutiwa na taaluma hii wasiishie kutafsiri kaulimbiu zake. Wazipime kama wapimavyo methali: nani anasema, anamwambia nani, na msikilizaji amepoteza nini.